Injini ya Tokyo, Mlima wa Kaptagat

Katika Eldoret na vijiji vinavyoizunguka, hadi Kaptagat kwenye msitu na mashamba ya viazi, anayenunua gari lililotumika haanzi kwa kuuliza bei wala rangi. Huuliza kwanza: "Hiyo si D4?" Muuzaji akijibu kuwa ni VVT-i, nyuso hukunjuka na majadiliano ya bei huanza. Akisitasita, mnunuzi huaga akaenda zake. Herufi moja na tarakimu moja zimegeuka kuwa jina la hasara.

Kwa sisi ambao kazi yetu ni isimu, mazungumzo hayo yana mvuto wa pekee. Majina mawili ya kibiashara ya kampuni moja, Toyota, yameingia katika lugha ya gereji zetu yakapewa maana ambazo kampuni haikuyapa. Moja limekuwa sifa, jingine tusi. Ajabu ni kuwa kwa upande wa ufundi majina hayo hayapingani hata kidogo. VVT-i ni mtindo wa kurekebisha wakati wa kufunguka kwa vali. D4 ni mtindo wa kunyunyiza petroli. Injini ya lita mbili ya D4 iliyojaa katika barabara zetu ilikuwa na VVT-i pia. Kwa hiyo muuzaji anayesema "hii ni VVT-i" huenda anasema kweli tupu, na mnunuzi bado akapelekwa nyumbani na kile alichokuwa akikikimbia.

Hata hivyo, nyuma ya msamiati huu uliopinda kuna swali la haki, ambalo mafundi wa jua kali wamekuwa wakiliuliza kwa miaka mingi. Kwa nini mtengenezaji aliyekwisha kuwa na injini iliyothibitika, inayofahamika na kila fundi, huiweka kando na kuleta nyingine yenye mitego? Wako wanaojibu kuwa ni tamaa ya kuuza vipuri. Wako wanaosema ni majivuno ya wahandisi wanaotaka kuonyesha kuwa wamesoma. Majibu hayo yana chembe ya ukweli, lakini hayatufikishi mbali. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kila injini ni jibu la swali fulani, na jibu haliwezi kuhukumiwa na mtu asiyelijua swali. Injini nyingi zinazopanda mlima kuja Kaptagat zilijibu swali lililoulizwa na watu wengine, mahali pengine. Sisi hatukuuliza kitu. Hapo ndipo penye tatizo.

Tuitazame hiyo D4 yenyewe. Mwaka 1996, kampuni za Mitsubishi na Toyota, zikifuatana kwa miezi michache, zilitoa katika soko la Japani injini za petroli ambazo nozo zake hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini zilizotangulia, petroli ilinyunyizwa nje ya silinda, penye njia ya kuingilia hewa, ikachanganyika na hewa hiyo kisha vyote vikavutwa ndani pamoja. Mtindo mpya uliiwezesha injini isiyo na kazi nzito kuchoma mchanganyiko mwembamba mno, wenye hewa nyingi na petroli kidogo sana. Mitsubishi iliuita GDI. Toyota iliuita D-4, ikauanzisha katika Corona Premio, na baadaye ukaendelea katika magari ya Premio na Allion ya lita mbili.

Ni nani aliyekuwa ameomba jambo hilo? Aliyeomba ni serikali ya Japani kupitia mtihani wake wa matumizi ya mafuta. Tangu mwaka 1991 magari ya nchi hiyo yalipimwa kwa utaratibu ulioitwa 10-15, ambao ulidumu kwa takriban miaka ishirini. Gari liliwekwa juu ya mitambo ya maabara likaendeshwa kama kwamba liko katika foleni za mjini: wastani wake ulikuwa kilomita 22.7 kwa saa, na kasi ya juu kabisa ilikuwa kilomita 70. Lilisimama, likaondoka polepole, likasimama tena. Katika mwendo wa namna hiyo, injini inayochoma mchanganyiko mwembamba huvuna alama nyingi. Kila mwalimu anajua kuwa mwanafunzi hodari huusoma mtihani kabla ya kuusoma ulimwengu. Wahandisi wa Japani walikuwa wanafunzi hodari.

Sasa mlete mwanafunzi huyo Kaptagat. Hapa gari halitambai katika foleni; linapanda likiwa limejaa watu na magunia, nao ule mchanganyiko mwembamba haupati nafasi kubwa ya kutumika. Pampu yake ya presha ya juu na matundu membamba ya nozo zake hutaka petroli safi isiyochanganywa na kitu. Isitoshe, kwa kuwa petroli hairushwi tena nyuma ya vali za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha, na masizi hujikusanya juu yake mpaka injini ianze kukohoa. Hitilafu ikitokea haisikiki kwa sikio la fundi aliyezoea kabureta. Inataka mashine ya kuisoma kompyuta ya gari. Mwenye gari analipia manufaa asiyoyapata na kurithi madhara ambayo mnunuzi wa kwanza hakuyaona. Inafaa pia kukumbuka kuwa Toyota wenyewe, tangu mwaka 2005, walianza kutoa injini zenye nozo za aina mbili, moja ndani ya silinda na moja nje kama zamani, wakauita mtindo huo D-4S. Hivyo mtengenezaji alirudi nusu ya njia kwa mzee aliyemwacha.

Mtu asidhani kuwa mambo haya ni ya Wajapani peke yao. Mfano mmoja wa kale unatugusa hata sisi. Kuanzia mwaka 1921 Uingereza ilitoza kodi ya magari pauni moja kwa kila kipimo kimoja cha nguvu za farasi, lakini nguvu hizo hazikupimwa barabarani. Zilikokotolewa kwa kanuni iliyotazama mambo mawili tu: idadi ya silinda na upana wake. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuhesabiwa. Matokeo yake yalitabirika. Viwanda vya Uingereza vilianza kuunda injini zenye silinda nyembamba na ndefu, kwa kuwa upana ulitozwa na urefu ulikuwa bure. Ford Model T ya Kimarekani, yenye silinda pana, ilitozwa pauni 23 kwa mwaka; Austin Seven, iliyozaliwa mwaka 1922 katika kivuli cha kodi hiyo, ilitozwa pauni 8. Hakuna mhandisi aliyethibitisha kuwa silinda nyembamba ni bora. Karani wa hazina ndiye aliyeamua. Kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 1947, vizazi vya injini vilikuwa vimekwisha kuchukua umbo lake.

Na ni nani aliyeumia? Aliyeumia ni Mwingereza mwenyewe alipotaka kuuza magari yake katika makoloni. Walowezi wa nyanda za Uasin Gishu, waliofika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe tangu mwaka 1908 na kuuona mji ukiota mahali palipoitwa Shamba Nambari 64, ambapo hata leo baadhi ya wazee hupaita Sisibo, hawakuwa na haja ya gari linalokwepa kodi ya London. Walitaka gari refu kwa kimo, lenye injini kubwa isiyoharakishwa, linaloweza kutoka matopeni. Ndiyo maana magari ya Kimarekani yalipendwa katika koloni la Mwingereza. Gari lililotungwa kwa barabara na kodi ya kwao Waingereza lilikuwa mgeni hapa, kama ilivyokuwa D4 miaka themanini baadaye.

Kutokana na mifano hiyo miwili tunaweza kuwataja waamuzi wanne wanaokaa mezani injini inapochaguliwa. Wa kwanza ni sheria na kodi, nao tumekwisha kuwaona. Wa pili ni mafuta yanayopatikana. Wa tatu ni kiwanda chenyewe. Wa nne ni mnunuzi wa kwanza. Uimara wa gari baada ya miaka kumi na mitano huketi mlangoni, ukisubiri kuitwa.

Mwamuzi wa tatu, yaani kiwanda, hufahamika vizuri kwa kisa cha Peugeot 504. Wazee wa Bonde la Ufa hawahitaji kukumbushwa gari hilo. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978, likaunganishwa Mombasa, likabeba abiria kati ya miji yetu kwa miongo. Injini yake ilikuwa ya mtindo wa kale: bloku ya chuma, vali zilizosukumwa kwa vijiti, na silinda zilizokuwa mikebe ya kuchomolewa. Silinda ikilika, fundi hakuhitaji kupeleka bloku nzima kwenye mashine ya kuchonga. Alichomoa mkebe, akaweka mpya na pistoni yake, gari likaondoka. Kwa nini basi Peugeot haikuendelea na injini hiyo milele?

Ni kwa sababu gari zima lilikuwa limebadilika. Kufikia Peugeot 405 ya mwaka 1987, injini ililazwa kwa mkingamo na kuzungusha magurudumu ya mbele. Mpangilio huo huondoa mtaimbo mrefu unaopita chini ya gari hadi nyuma, hupunguza uzito, huwapa abiria nafasi, na huwezesha injini na gia kuunganishwa pamoja na kuingizwa ndani ya gari kwa haraka na kwa gharama ndogo. Injini nzito iliyobuniwa kusimama kwa urefu haikuwa na mahali pa kukaa. Haikuachwa kwa kuwa mbaya. Iliachwa kwa kuwa chumba chake kilivunjwa. Injini nyingi tunazozililia ziliondoka kwa njia hiyo.

Mwamuzi wa nne ni mnunuzi wa kwanza, na huyu ndiye tunayemsahau zaidi. Nchini Japani gari jipya la abiria hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo na ada zake ni ghali. Watu wengi huona heri kuliuza gari kuliko kulipia ukaguzi mwingine, na hapo ndipo safari ya kuelekea Mombasa huanza. Mtengenezaji anamjua mteja wake: ni yule atakayeishi na gari kwa miaka michache, akilipeleka kwa wakala kwa huduma, akilitia mafuta safi. Mteja wa pili, aliyeko umbali wa bahari nzima, hamwandikii mtengenezaji barua, hanunui gari jipya, wala hana dhamana. Kwa nini afikiriwe?

Ukitaka kuthibitisha kuwa mnunuzi wa kwanza huamua, litazame gari aina ya Probox. Hili halikuundwa kwa ajili ya familia inayotaka kupendeza majirani. Toyota walilitoa mwaka 2002 kwa ajili ya makampuni ya Kijapani yanayotaka gari la kazi: wachuuzi, mafundi wa simu, wapeleka mizigo. Kampuni ya namna hiyo huuliza maswali makavu. Linabeba kiasi gani? Linalala gereji siku ngapi kwa mwaka? Kutokana na maswali hayo, Probox ya cc 1500 ilipewa injini ya 1NZ, yenye nozo za kawaida za nje ya silinda, iliyokwisha kutumika katika magari mengine. Gari hilo lilipofika katika barabara za mashambani za Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, likajazwa watu, mitungi ya maziwa na viazi kupita kiasi cha sheria, lilistahimili. Halikustahimili kwa bahati. Mnunuzi wake wa kwanza aliuliza swali linalofanana na letu, kwa hiyo jibu lilitufaa sote.

Ndivyo ilivyo pia kwa Land Cruiser za polisi na za mashirika ya misaada. Toyota waliendelea kuunda injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda sita na lita 4.2, isiyo na turbo, iliyotokea mwaka 1990. Katika nchi zenye sheria kali za moshi injini hiyo iliondolewa. Australia, kwa mfano, iliagana nayo mwaka 2007. Lakini katika Afrika imeendelea kuuzwa ikiwa mpya miaka mingi baada ya hapo, kwa sababu kuna wanunuzi wakubwa, yaani serikali na Umoja wa Mataifa, wanaoagiza moja kwa moja na kusema wazi wanataka nini. Basi si kweli kwamba kiwanda husahau namna ya kuunda injini iliyothibitika. Hukumbuka vizuri kabisa akitokea mwenye kuagiza.

Hapa sina budi kuitaja hewa yetu, kwa maana ndiyo inayoitofautisha Kaptagat na Tokyo. Tuko mita 2400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni takriban robo tatu ya ile ya Mombasa. Wanariadha huja kupiga kambi Kaptagat kwa sababu hiyo hiyo. Eliud Kipchoge alijiandaa hapa kabla ya kukimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Mwili wa binadamu ukikosa hewa ya kutosha hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Injini haina uwezo huo. Kwa kila mita 300 za kupanda, injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake. Maana yake ni kuwa gari la cc 1500 likifika hapa lina nguvu za gari la cc 1150 lililoko pwani, na hilo ni kabla hujalipakia. Likishuka kutoka Nyaru kwenda Bonde la Kerio na kupanda tena ukingo wa zaidi ya mita elfu moja, kila abiria huhesabu hasara hiyo kwa masikio yake.

Kifaa kinachoitibu hasara hiyo kinajulikana tangu mwaka 1905, wakati Alfred Büchi wa Uswisi alipopata hataza ya kutumia moshi wa injini kuzungusha feni ya kusukuma hewa ndani ya silinda. Ni turbo, na sisemi ule mji wa Turbo ulio magharibi mwa Eldoret. Kwa mtu wa nyanda za juu, turbo ni chombo cha maana kuliko kwa mtu wa Tokyo. Lakini turbo ndogo zilizojaa katika magari ya karne hii hazikuwekwa kwa ajili ya milima. Nyingi ziliwekwa kwa sababu Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha gramu 95 za hewa ya ukaa kwa kilomita, kama wastani wa magari mapya kufikia mwaka 2021, na injini ndogo yenye turbo hufanya vyema katika maabara. Mara hii mtihani wa wengine umetuletea kitu kinachotufaa, ingawa kimekuja pamoja na mahitaji yake: oili safi ya kiwango kilichoandikwa, ibadilishwe kwa wakati, na fundi anayejua kuwa injini iliyopanda mlima kwa nguvu isizimwe ghafla.

Katika hatua hii nataka kuwaonya wale wanaosema dawa ni kurudi kwenye mambo ya kale. Ni rahisi kuililia 504, au Volkswagen Beetle, ambayo injini yake ilipozwa kwa hewa, haikuwa na rejeta ya kuchemka, na ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Lakini "kuthibitika" ni neno linalohitaji kukamilishwa. Kuthibitika kwa kipimo gani? Injini hizo zilithibitika kwa kudumu na kwa urahisi wa kutengenezwa. Hazikuthibitika kwa mapafu ya mtoto anayetembea kando ya barabara kwenda shule. Ulimwengu ulikuwa na haki ya kuongeza kipimo hicho, na sisi pia tuna mapafu. Anayedai injini ya zamani kwa sababu tu anaifahamu hana tofauti na anayekataa istilahi mpya kwa sababu hakuikuta kwa babu yake.

Tena tumekwisha kuonja matunda ya kubadilisha masharti. Hadi mwaka 2005 petroli ya Kenya ilitiwa madini ya risasi, na risasi huua chombo cha kusafishia moshi kilichomo katika bomba la gari la kisasa. Mafundi wetu waligundua kuwa chombo hicho kinaziba, wakakitoboa au wakakitupa, wakalaumu Wajapani. Gari halikuwa na kosa. Mafuta yalikuwa ya karne nyingine. Nchi za Kiafrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi, nasi tukaiondoa. Mwezi Januari 2015 dizeli yetu ilipunguzwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Mwezi Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuvunja biashara ya kuyachanganya na dizeli, uovu ulioua pampu na nozo za malori na matatu yasiyohesabika. Tozo hiyo ilimuumiza mama anayepikia stovu, na hilo tusilisahau. Hata hivyo ilionyesha kuwa ubora wa injini katika gereji ya Eldoret huanza katika uamuzi unaofanyika Nairobi.

Lakini je, serikali yetu inauliza swali gani kwa watengenezaji? Ukizisoma sheria zetu kama mtu anavyosoma matini, utaona maswali mawili makubwa. La kwanza ni umri: gari lisizidi miaka minane. La pili ni ujazo wa injini: Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipandisha ushuru wa magari ya zaidi ya cc 1500 hadi asilimia 25. Swali la pili ni ndugu wa damu wa ile kodi ya Mwingereza ya upana wa silinda. Hupima kitu kilicho rahisi kupimwa, kisha hutumaini kuwa ndicho kitu kinachotakiwa. Kwa mkazi wa Kaptagat ni adhabu ya aina mbili: hewa humnyang'anya robo ya injini yake, na akitaka kuifidia robo hiyo kwa kununua injini kubwa, hutozwa zaidi kuliko mtu wa Mombasa anayetosheka na ndogo. Cc 1500 si nambari ya Kikenya hata kidogo. Ni mojawapo ya mipaka ya kodi ya magari ya Japani. Ndiyo sababu injini za huko huwa na cc 1496, 1497 au 1498, zikiusogelea ukuta bila kuugusa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kodi yetu ipime kile tunachokitaka hasa, yaani moshi unaotoka na mafuta yanayotumika, badala ya ukubwa wa silinda. Pili, ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa kuja Kenya uambatane na karatasi ya Kiswahili inayomweleza mnunuzi mambo machache kuhusu injini: inanyunyiza mafuta kwa njia gani, inataka oili ya kiwango gani, ina turbo au haina, ina betri ya umeme yenye afya kiasi gani. Tatu, vyuo vyetu vya ufundi vifundishe injini za leo, na vifundishe kwa lugha ambayo fundi hufikiria kwayo. Lugha ya gereji imejaa maneno yaliyookotwa: nozo, plagi, gasketi, kabureta. Hayo hayana ubaya, yamekwisha kuwa yetu. Ubaya ni kuwa tuliyapokea majina bila maelezo, na jina lisilo na maelezo huzaa uvumi. Mnunuzi aliyeepuka D4 kwa kuitafuta VVT-i hakukosa akili. Alikosa sentensi mbili za Kiswahili.

Jambo hili halina subira. Kwa sheria ya miaka minane, zile D4 za kwanza haziingii tena bandarini. Yanayoshuka sasa ni magari yenye injini na mota ya umeme pamoja, gia zisizo na hatua, na turbo ndogo. Kila moja ya hayo ni jibu la swali la mtu mwingine. Mota ya umeme ina neema kubwa kwa milima yetu, kwa kuwa haihitaji hewa ili ifanye kazi, na gari linaposhuka Kerio hurudisha sehemu ya nguvu katika betri badala ya kuichoma yote katika breki. Lakini betri iliyochoka ikifika hapa mikononi mwa familia iliyouza ng'ombe watatu na kukopa katika chama cha ushirika, neema hiyo itageuka deni. Jina jipya la hasara litazaliwa, na wanetu watalitumia kama tunavyolitumia D4.

Anayekusudia kununua gari mwezi huu basi asitosheke na herufi zilizobandikwa juu ya injini. Aulize gari hili liliundiwa nani, kwa mafuta gani, na kwa barabara gani. Akiona kuwa mtu huyo hafanani naye, ajue kuwa tofauti hiyo ataifidia yeye kwa fedha zake. Na wanaotunga sheria kwa niaba yetu wakumbuke kuwa viwanda vya magari vina masikio. Vilimsikia karani wa London, vikausikia mtihani wa Tokyo, vikaisikia hesabu ya gramu 95 ya Ulaya. Vinaweza kuisikia Kaptagat pia, iwapo kuna atakayevisemesha.